Rimu Iliyopakwa Mbariki

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliinama nje ya nyumba ya mama nikaipaka baiskeli mafuta kuanzia usukani hadi karia ya nyuma ya kubebea, kama mtu anayemtayarisha mtoto kwa ubatizo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na akili yangu ilikuwa bado njiani inakuja. Mama alipita na ndoo ya maji, akasimama, akaniuliza kama nitaipeleka kanisani nikaivalishe pete. Nikacheka. Laiti ningejua, ningelifunika lile kopo la mafuta nikalirudisha jikoni.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikuona pale uani na hiyo baiskeli yako nyembamba uliyokuja nayo kutoka Juja, ukiipulizia dawa ya kung'arisha. Ulipopulizia fremu sikusema kitu. Ulipofika kwenye rimu nilikohoa. Hukusikia, ulikuwa na vile vitu vyako vya masikioni. Na raba zako za breki zimeisha, nimeziangalia, macho yangu hayajaharibika kiasi hicho. Basi keti. Chai ikipoa tutaletewa nyingine, maana hadithi hii ina mteremko, na mimi siku hizi sishuki mteremko haraka.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea kuisha. Nilifanya kazi katika shamba la kahawa nje ya Ruiru, pale mtamboni kahawa inapooshwa. Hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikuwa imeanza kulegea, lakini bado hukuthubutu kutoka Ruiru kwenda Thika bila karatasi ya ruhusa mfukoni. Baiskeli niliinunua kwa karani mmoja aliyeichoka, nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma, zile ambazo hazina waya. Ulivuta chuma kimoja hapa juu, kikavuta kingine, mpaka chini kwenye gurudumu. Ilikuwa mali yangu ya kwanza. Nilikuwa na tabia ya kuiegemeza mahali ambapo wasichana wangepita.

Nikisema wasichana, ni mmoja. Aliitwa Nyambura. Kwao walikaa Makongeni, kule Thika, lakini alizoea kuja Ruiru kumwona cucu yake, yaani nyanya yake, mama ya baba yake, aliyekuwa amekataa kabisa kuhamia mjini. Mimi na Nyambura tulikuwa tumeelewana. Baba yake ndiye hakuwa amenielewa. Kwake nilikuwa kijana fulani tu wa kahawa. Baba Nyambura alikuwa mtu wa kiwandani, mrefu, na sauti yake ilifika mahali kabla yeye hajafika. Kila nilipofikiria kwenda kumwamkia, nilikumbuka kazi nyingine.

Kisha kaka yake Nyambura akapanga kuoa, harusi ya kanisa huko Thika, na ikakosekana njia ya kumfikisha cucu. Lori aliapa hapandi. Alisema lilimtapisha mara moja na hiyo mara moja ilimtosha. Na harusi bila cucu haingekuwa harusi, kwa kuwa ndiye angetoa baraka. Nyambura akasema mbele ya watu wote, bila aibu, "Si kuna yule kijana wa kahawa ana baiskeli?"

Mwanangu, hapo mlango ulifunguliwa. Nikimfikisha cucu salama, baba yake atanijua kwa jema. Nikimwangusha yule mama mzee barabarani, basi nifunge virago nikatafute mke Uganda.

Shida ilikuwa breki. Raba zilikuwa zimelika mpaka chuma kilikuwa kinakwaruza rimu, na kila nikisimama ilitoka sauti ya kunoa panga. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nikaenda kwa Fundi Wafula.

Fundi Wafula alikuwa ametoka magharibi, kwa Waluhya, na alikuwa na kajipahali kake kando ya ukuta wa kinu cha unga hapo Ruiru. Mwenye kinu alimwachia ule ukuta, na chumba kimoja nyuma yake, na humo ndimo alimoishi na mke na watoto wanne. Hakuwa mtu wa haraka. Ukimwambia una haraka alikuletea kiti. Alizichomoa zile raba zangu, akazishika kwenye kiganja, akazitazama kama daktari anayetazama meno mabovu.

"Kijana, hii si raba tena. Hii ni ukumbusho."

Akanifundisha siku hiyo, na ninakufundisha wewe kama nilivyofundishwa. Raba inakaa ndani ya kikombe kidogo cha chuma. Upande mmoja wa kikombe umezibwa, mwingine uko wazi. Pale mbele, ule uliozibwa ndio uangalie mbele, kwa sababu gurudumu likizunguka linaivuta raba kwenda mbele. Ukiugeuza, raba itachomoka siku ile ile unayoihitaji. Raba iguse rimu peke yake, isiguse tairi. Katikati ya raba na rimu ibaki nafasi ndogo. Fundi aliipima kwa kokwa moja ya kahawa iliyolala, niliyokuwa nayo mfukoni. Kisha akazisugua zile raba mpya kwa msasa, kidogo tu, kuondoa ule utelezi wa dukani.

"Raba mpya ni mgeni," akaniambia. "Haijajuana na rimu. Leo na kesho uende nayo polepole. Asubuhi kabla hujabeba mtu, jaribu breki mahali tambarare. Na rimu usiiguse na kitu chochote, hata kama ni kitu kizuri. Wacha hivyo vile nimewacha."

Nikasema ndiyo, Fundi. Nilikuwa namwangalia msichana mmoja aliyebeba unga, nikidhani ni Nyambura.

Kabla sijaondoka akanitazama miguu. Nilikuwa na akala, zile ndala za matairi. Akacheka, akaingia chumbani, akatoka na viatu vyake vya ngozi, vyeusi, vya Jumapili. "Huwezi kwenda kwa baba ya msichana na tairi mguuni. Nenda navyo, utanirudishia." Vilikuwa vikubwa kidogo. Tukavijaza karatasi mbele.

Sasa usiniulize ni nini kilinishika kesho yake asubuhi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimejisifu mwenyewe usiku kucha. Niliamka nikaona baiskeli inatosha, kisha nikaona haitoshi. Mama alikuwa na kopo la mafuta ya mbariki, yale mazito tuliyokamua kutoka kwa mbegu. Zamani ndiyo mafuta tuliyopakwa tukizaliwa, ndiyo waliyopakwa maharusi, ndiyo yaliyolainisha ngozi za kuvaa. Hakuna jambo la heri kwetu lililofanyika mwili ukiwa mkavu. Nikaona si haki baiskeli iende harusini imepauka. Nikaipaka fremu ikang'aa. Nikapaka karia. Nikafika kwenye rimu, nikakumbuka maneno ya Fundi, nikajibu moyoni kwamba Fundi ni mtu wa mbali, labda kwao hakuna mbariki. Nikazipaka mbele na nyuma, mpaka ningeweza kujiona sura.

Breki sikujaribu. Ningejaribu vipi, na jana zilishika vizuri?

Cucu nilimkuta amekwisha kuwa tayari, amekaa nje na shuka yake safi. Mkononi alikuwa na kibuyu cha uji uliochacha, ule ambao angemnyunyizia bwana harusi akimbariki. Nikamwambia tukifunge kibuyu kwenye usukani. Akaniambia hicho kibuyu hakitafungwa popote, atakishika yeye. Akapanda karia upande upande, akanishika mkanda, akasema, "Haya, ng'ombe wako atembee."

Tulienda vizuri, mwanangu. Kulikuwa na jua la asubuhi, mashamba ya mkonge pande zote, na watu waliotupita walimwamkia cucu naye akawaamkia kila mmoja kama mke wa chifu. Karibu na Juja nilishika breki kumpisha mbuzi. Zikateleza kidogo. Nikajiambia ni ule ugeni aliosema Fundi. Naona sasa kwamba nilikuwa nimeonywa mara mbili, na ya pili nilionywa na breki zenyewe.

Ukitoka Juja ukielekea Thika, unashuka hadi mto Ndarugu. Leo mnashuka na barabara pana hamjui hata kama kuna mto. Wakati ule mteremko ulikuwa mteremko na daraja lilikuwa jembamba. Nilianza kushuka nikiwa nimenyoosha mgongo. Nikavuta breki ya mbele. Chuma kikaja chote mpaka mwisho na gurudumu halikuwa na habari. Nikavuta ya nyuma. Ile ile. Raba zilikuwa zinabusu rimu tu na kuiacha iende.

Nikaogopa. Sitakudanganya, nikaogopa sana. Sikujiogopea mimi, niliogopa huyu mama mzee mgongoni mwangu, mifupa yake myepesi, na watu wanaomngoja kanisani.

Naye, nisikie nini? Nasikia ngemi. Cucu alikuwa anapiga vigelegele. Yeye alidhani nimeamua kukimbia kwa furaha ya harusi, na kwa kuwa bwana harusi ni mwana wa kiume, akapiga vitano kama inavyotakiwa. Akina mama waliokuwa wakilima kando ya barabara wakainuka, wakaona bibi mzee anashuka Ndarugu kama mshale na kibuyu mkononi, wakamjibu vitano. Mimi nalia moyoni, bonde zima linashangilia.

Mbele, darajani, nikaona mkokoteni wa ng'ombe umejaa mkonge, umeziba njia. Nikaingiza kiatu kwenye tairi la nyuma, kiatu cha Fundi, nikakandamiza. Ngozi ikanuka ikiungua. Mwendo ukapungua kidogo, haukutosha. Kisha nikaona, kushoto kabla tu ya daraja, rundo la udongo mwekundu lililowekwa na watu wa kutengeneza barabara. Nikamwambia cucu ashike sana, nikageuza usukani nikaingia humo.

Baiskeli ilisimama. Mimi sikusimama. Niliruka juu ya usukani nikaenda kulala kwenye nyasi, suruali ikapasuka goti mpaka paja. Nilipogeuka kumtafuta cucu, nilimkuta amekaa juu ya rundo wima, miguu mbele, kama mtu aliyewekewa kiti. Kibuyu kiko mapajani. Hakuna tone lililomwagika.

"Sijawahi kufika Ndarugu upesi namna hii," akasema. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka, na mwenye mkokoteni akaacha ng'ombe wake akaja kucheka na sisi.

Nilipomwinua, alinyoosha mkono akagusa rimu kwa vidole viwili. Akavinusa. Akainama akajipaka vile vidole kwenye mguu wake uliokauka, polepole, kwa sababu mbariki haitupwi. Tukavuka daraja kwa miguu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema. Mimi guu langu lilipona. Kilichovunjika kilikuwa kitu kingine, na nilikivunja mwenyewe pale Makongeni, baada ya kanisa, watu wakila.

Walikuwa wameona suruali yangu na kile kiatu kisicho na soli. Cucu alikuwa amekwisha kubariki, kila mtu ana furaha, na habari ya mteremko ilikuwa imefika kabla yetu na kuongezwa chumvi. Sasa nilikuwa kijana aliyeokoa cucu. Nilipewa nyama ya mbavu. Nyambura aliniletea maji ya kunawa na kunitazama kwa namna ambayo nikiikumbuka hata leo nakaa vizuri kitini. Kisha baba yake, kwa ile sauti, akaniuliza, "Hizo breki zilifanya nini?"

Nikamjibu, "Ni fundi, baba. Fundi wa Ruiru aliniwekea raba mbaya."

Lilitoka rahisi sana, mwanangu. Halikunikwaruza hata koo. Nikasema hivyo nikiwa nimevaa viatu vya mtu huyo.

Baba Nyambura akaweka mfupa chini. "Yule wa kando ya kinu? Mwenye kinu ni rika yangu. Kesho tunampeleka mama nyumbani, na tukifika nitamwambia amtoe huyo mtu kwa ukuta wake. Anataka kuniulia mama na raba?" Wazee wakakubali. Mmoja akasema watu wa kutoka mbali hawana uchungu na wazazi wa wengine. Nikamtazama cucu. Alikuwa anatafuna polepole kwa yale meno yake machache, ananitazama.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa ya kutoka Thika hadi Ruiru. Jumapili baada ya ibada tuliondoka, Baba Nyambura na ndugu yake kwa baiskeli zao, mimi na cucu kwa yangu. Alikataa kubebwa na mwanawe. Alisema atarudi na yule aliyemleta. Kila mteremko alishuka akatembea, bila kunilaumu, akiimba wimbo wa kanisa. Nilitamani anilaumu.

Tulimkuta Fundi Wafula amekaa nje ya chumba chake na koti la Jumapili, mtoto mmoja amemlalia magotini. Miguuni alikuwa na akala. Akainuka na furaha yake yote, akatuamkia kama kwao. "Mulembe! Karibuni. Kijana, harusi ilikuwaje? Mama Nekesa, leta kiti, tuna mgeni mzee."

Baba Nyambura hakukaa. Akafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, cucu alinyanyua mkono, na wewe hujaona mtu mrefu akinyamaza upesi kama mwana aliyenyamazishwa na mama yake.

"Wewe hukuwa Ndarugu," akamwambia. "Wacha aliyeshika breki aseme."

Wote wakanitazama. Nikatazama ule ukuta uliojaa alama za mafuta ya mikono ya Fundi. Nikatazama mlango, mkewe akitoka na kiti. Nilijua kabisa kwamba nikisema kweli, Nyambura amenipotea, na nikinyamaza, watu sita watalala nje. Nikavua viatu.

"Raba ni nzuri," nikasema. "Ni mimi. Fundi aliniambia nisiguse rimu, nikazipaka mbariki ili zing'ae. Jana nilidanganya. Na viatu vyako, Fundi, nimeviharibu."

Fundi alichukua kile kiatu, akakigeuza, akapitisha vidole mahali soli ilipokuwa.

"Viatu vyangu vilienda harusi ama vilienda vita?"

Kisha uso wake ukaanza kuvunjika. "Mbariki? Kwa rimu?" Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kile kiti alicholetewa cucu. Mkewe akacheka. Ndugu ya Baba Nyambura akacheka akiegemea ukuta. Baba Nyambura alikuwa wa mwisho. Alijaribu kuzuia, ikatokea puani.

Fundi alipojifuta machozi ndipo akanikemea, na hakunikemea kwa ukali. "Kijana, baiskeli ina pahali pa kung'aa na pahali pa kushika. Ukifanya pote pang'ae, hakuna pa kukushikia." Akaniletea majivu, sabuni na msasa. Nilizisugua zile rimu mbele yao mpaka zikapauka, nikazichomoa raba nikazisugua upya, nikazirudisha, zile za mbele upande uliozibwa ukiangalia mbele. Akanipimia kwa kokwa ya kahawa. Kisha akanifanya niangalie breki za Baba Nyambura na za ndugu yake pia, kama adhabu. Nilifanya nikiimba.

Nikamuuliza cucu kama alijua.

"Nilipakwa mbariki siku niliyozaliwa na siku niliyoolewa. Nitaisahau harufu yake?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umekamatwa. Umesema wewe, umesimama." Akamgeukia mwanawe, ambaye bado alikuwa anapangusa macho. "Huyu kijana ana breki. Zilichelewa kushika, lakini zimeshika. Mpe nafasi aje nyumbani azungumze."

Baba Nyambura akasema nije, lakini nije kwa miguu.

Nilikwenda kwa miguu, kutoka Ruiru hadi Makongeni, na viatu vya Fundi Wafula, vyenye soli mpya niliyoilipia mimi. Na huyo anayetuita sasa hivi kutoka jikoni, akisema chai inapoa na wewe ulikuja kusalimia au kuhojiwa, huyo ndiye Nyambura. Hajawahi kuniruhusu nimbebe kwa baiskeli hata siku moja.

Basi mwanangu, nikuachie haya. Anayejua kazi akikwambia acha hivyo, acha. Usiongeze lako ili upendeze. Breki ijaribu pa tambarare, na moyo vilevile, mteremko si mahali pa kujifunza. Ukitenda kosa, nalo utalitenda, usilivishe mtu mwingine, hasa mtu wa mbali asiye na ndugu wa kumsemea, hasa aliyekuvisha viatu vyake. Mficha uchi hazai. Mimi ningeificha ile mbariki, wewe hungekuwepo hapa leo unakula mandazi yangu.

Kesho asubuhi lete hiyo baiskeli, na maji ya sabuni, na raba mpya. Tutazifunga pamoja. Kokwa ya kahawa ninayo.

Na Mungu akubariki. Akupe barabara ndefu na magoti ya kuipanda. Akupe mteremko wenye rundo la udongo mwishoni. Akupe cucu wa kukunyamazia kwa muda unaofaa. Na siku utakapovuta breki zisishike, watu wote wakikutazama, akupe mdomo wa kusema, "Ni mimi."